Theogonia si Daftari la Mahudhurio

Kila nitajapo Theogonia, shairi la kale la Mgiriki Hesiod kuhusu nasaba ya miungu, hakosi mtu wa kuniambia kwamba ni orodha ya majina ya miungu, yenye kuwafaa wanahistoria wa dini lakini isiyo na fani ya kuchambua. Safari hii aliyesema hivyo ni mwalimu wa fasihi, na subira yangu imekwisha.

Orodha zimo, sikatai: mabinti 50 wa Nereus, mungu wa bahari, wanatajwa kwa majina, wote wakapangika ndani ya heksamita, mshororo wa Kigiriki wenye mapigo sita, bila mizani kuyumba, na anayeliona hilo jepesi na ajaribu mwenyewe. Habari za Khaos na Eros, miungu ya mwanzo kabisa, naziruka, kwa kuwa kila anayeligusa shairi hili huanzia hapo na aghalabu huishia hapo hapo.

Kinachonikera ni watu kutoliona tumbo. Katika mshororo wa 26, Mamusa, miungu wa kike wa ushairi, wanawatukana wachungaji wa mlima Helikon kuwa ni matumbo matupu, kisha wanajigamba kwamba wanajua kusema uongo mwingi unaofanana na kweli, na kweli pia wakipenda. Yaani msimulizi anatutia shaka kabla hata hajaanza kusimulia. Ouranos (Mbingu), mtawala wa kwanza, anawazuia wanawe ndani ya mkewe Gaia (Ardhi) wasitoke, naye Gaia, akiugua kwa kusongwa, anaunda mundu wenye meno na kumkabidhi mwanawe Kronos, ambaye anavizia, anamshika babaye kwa mkono wa kushoto na kumkata kwa wa kulia. Kronos naye, kwa kuwa aliyaona matokeo ya kuwaacha watoto kwa mama, anawameza wanawe katika tumbo lake mwenyewe. Lakini mkewe Rhea anabaki huru, na badala ya mwanawe Zeus anamlisha jiwe lililoviringishwa nguo za mtoto. Hata Prometheus, mungu mjanja, katika kumghilibu Zeus, anaificha nyama nono ndani ya tumbo la ng'ombe. Mwishowe Zeus anang'amua kwamba wa kumezwa ni mama, naye anammeza mkewe Metis akiwa na mimba ya Athena. Kila mtawala anairekebisha hila ya aliyemtangulia, na anayehesabu majina tu hawezi kuiona taharuki hiyo ikipanda.

Je, mpangilio huu ni usanii wa makusudi, au ni mazoea ya watunzi wa simulizi waliorithi mafungu ya maneno na visa? Mimi naelekea kwenye makusudi, ila ushahidi wangu una ufa. Wataalamu hawajaafikiana mkono wa Hesiod unakoma wapi, na wapo wanaoikataa mishororo yote inayofuata ule wa 900. Metis anamezwa kabla ya mpaka huo. Lakini Athena anazaliwa kichwani mwa Zeus katika mshororo wa 924, ng'ambo ya mpaka.