Walioandika "nipo" 140, waliolipa 31

Kazi yangu ni kupanga matukio, harusi na semina za watu, na pembeni mimi ni mtu wa ndege, hawa wa manyoya, naweka wazi mapema maana kila nikisema napanga mkutano wa wapenda ndege kuna mtu ataniuliza kama kuna tiketi za bei chee.

Kundi letu la WhatsApp limetapakaa nchi nzima, Bukoba, Kigoma, Songea, Mtwara, Pemba, na tunajuana kwa picha za profaili tu, ambazo zenyewe ni hondohondo na mdiria. Siku nimeuliza nani anakuja tukutane, "nipo" zikashuka kama mvua ya masika, nikahesabu 140. Jamani "nipo" haina maana yoyote. Nikasema kianzio elfu ishirini mpaka Ijumaa, wakabaki 31, na hao ndio niliowapangia, hata kiti kimoja cha ziada sikukodi.

Hela usipokee kwenye namba yako ya kila siku, itachanganyika na vocha na mboga halafu utaonekana mwizi bure. Chukua lipa namba, wekeni watu wawili wa kuangalia, na kila Ijumaa bandika orodha ya waliolipa kama mnavyofanya kwenye mchango wa harusi. Aibu kidogo inasaidia sana.

Mahali sasa. Watu wa Dar ndio wengi kwa hiyo walitaka iwe Dar, mimi nikakataa kabisa, kwa uzoefu wangu, mtu wa Dar ndiye anayeghairi asubuhi yenyewe kwa sababu ya foleni, ila aliyetoka Bukoba akishapanda basi huyo kafika. Panga kwa kumfikiria wa mbali. Dodoma ni katikati kweli lakini Bunge likikaa gesti zinajaa na bei inapanda, na kikao cha bajeti kinaanza Aprili mpaka Juni, na hata Februari mwanzoni wanakuwepo. Tukaenda Morogoro. Wa Mtwara na wa Pemba wanapitia Dar halafu wanapanda treni ya SGR, haizidi masaa mawili, ilipoanza 2024 nauli ya kawaida ilikuwa 13,000, wa Kanda ya Ziwa wanashuka na basi la usiku ambalo siku hizi linaruhusiwa. Halafu kuna milima ya Uluguru pale juu, kuna chozi wa Loveridge ambaye dunia nzima anapatikana hapo tu, sasa nani atabaki nyumbani?

Tarehe ndo ilinitoa jasho. Ndege wahamiaji, mbayuwayu na korongo weupe wanaokimbia baridi ya Ulaya, wanakuwepo kuanzia Novemba hivi mpaka Machi, lakini Machi masika inaanza na njia za mlimani zinakuwa sabuni, Desemba watu wako vijijini kwao, Januari usimwambie mzazi habari ya nauli wakati ada inamkaba koo. Inabaki wikiendi ya kwanza ya Februari, mshahara wa Januari bado una joto. Ila angalia na Ramadani, inarudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, kuna miaka inaangukia hapo hapo.

Gesti nilipigwa. Nililipia vyumba kwa simu, tunafika vinne wamepewa watu wa msiba, tukalala wawili wawili kitandani. Sikuhizi natuma mtu na risiti siku moja kabla.

Msosi nenda kwa mama ntilie mwenye uwezo wa kuamka, maana ndege hawasubiri, saa kumi na moja alfajiri chai na chapati ziwe tayari, chakula kizito mnakula saa sita mkisharudi. Msituni tuligawana vikundi vya watu wanane na mwongozaji wao, mkienda thelathini mtaona migongo ya wenzenu tu. Vibali vya hifadhi omba mapema. Na tafadhali mgeni rasmi hapana, atafika saa nane mchana na hotuba kurasa sita wakati kila chenye mbawa kimeshajificha kivulini.

Kitu kimoja kidogo nilikiona cha maana, kadi za kifuani. Andika jina, unapotoka, na uweke ile picha ya profaili. Kuna jamaa mmoja kwenye kundi profaili yake kwenzi, anauliza maswali mengi, sote tunamwita dogo, aliwahi kubishana wiki nzima na kijana wa Arusha kuhusu picha ya ndege wa kahawia, kijana anasema shomoro we dogo huna macho. Sasa pale mezani anakuja mzee wa mvi, mwalimu mstaafu, kifuani kwenzi. Kijana akaganda, akashika mkono kwa mikono miwili, "Shikamoo mzee, yale yalikuwa utani."

"Marahaba mwanangu," mzee akamjibu. "Lakini yule alikuwa mnana jike."