Mkoromo wa mwenye akromegali: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Anayekoroma ana usingizi mzito." Kwenye nyumba za kupanga za Manzese, Dar es Salaam, ambako ukuta hauzuii sauti, mkoromaji huonewa wivu: wenzake wanahangaika na joto na mbu, yeye kalala fofofo. Kwa mwenye akromegali, mara nyingi hajalala. Ugonjwa huu hutokana na homoni ya ukuaji kuzidi kwa mtu mzima, karibu kila mara kwa sababu ya uvimbe usio saratani kwenye tezi ya pituitari, chini ya ubongo. Ulimi hunenepa, nyama za koo hujaa, taya hubadilika umbo. Misuli ikilegea usingizini, njia ya hewa huziba. Pumzi hukatika kwa sekunde 10 au zaidi, ubongo humshtua avute hewa, kisha yanaanza upya. Yakifika mara 30 kwa saa, hali ni kali. Presha hupanda, na asubuhi anasinzia, anapitilizwa kituo kwenye daladala la Mbagala, kisha anaitwa mvivu.

"Ni unene tu, aache chipsi." Unene huchangia, sikatai. Lakini zaidi ya nusu ya wenye akromegali wana tatizo hili la pumzi kukatika usingizini, wakiwemo wasio wanene. Tazama mengine: pete haivuki kifundo cha kidole, viatu vya zamani vinabana, meno yanaachana, jasho jingi. (Dar nani hatoki jasho? Ndiyo maana dalili hii hupita hivihivi.) Kipimo cha damu cha IGF-1, kemikali inayopanda homoni ya ukuaji ikizidi, ndicho cha kuanzia.

Wanaosema jinamizi linamkaba, sibishani nao. Anayelala naye asikilize kama mkoromo unakatika, kimya, kisha unarudi kwa kishindo. Hayo amweleze daktari.

"Uvimbe umetolewa, mashine ya kupumulia usiku ya nini tena?" Hapa ndipo wengi hukosea. Tiba ya kwanza kwa kawaida ni upasuaji kupitia puani; wapo wanaohitaji pia sindano za kushusha homoni, oktreotaidi au lanreotaidi, mara nyingi kila baada ya wiki 4, au mionzi. Homoni ikishuka, nyama laini hupungua na wengi hupata nafuu. Mfupa haurudi. Taya lililokwisha kukua hubaki hivyo, kwa hiyo mtu anaweza kuwa na IGF-1 ya kawaida na bado pumzi ikakatika usiku. Usingizi upimwe tena miezi kadhaa baada ya tiba, ndipo ijulikane kama mashine hiyo, CPAP, inaweza kuwekwa kando. CPAP husukuma hewa kwenye barakoa ili koo libaki wazi. Usiku usioivaa, haikusaidii. Kabla ya kununua, uliza habari za betri, maana umeme wetu unajulikana.

"Kukoroma hakumhusu mpasuaji." Kunamhusu sana, na mtoa dawa ya usingizi zaidi, kwa kuwa kupitisha mpira wa hewa kwenye koo la namna hii ni kazi ngumu. Na baada ya upasuaji wa puani, usivae CPAP mpaka mpasuaji aruhusu: msukumo wa hewa unaweza kupenya kwenye kidonda na kuingia ndani ya fuvu.