Kitanda cha hosteli ya chuo: yanayosemwa na yalivyo

"Nimechaguliwa, kwa hiyo kitanda kipo." Dhana hii huwaponza wengi kabla hata hawajafunga begi. Kwenye chuo kikuu cha umma chenye wanafunzi makumi ya maelfu, vitanda aghalabu ni vichache kuliko wanaovitaka. Kupata nafasi ya masomo ni jambo moja. Kupata chumba ni jingine, lenye fomu yake, dirisha lake la maombi na mara nyingi malipo ya kushika nafasi. Anayengoja barua ya udahili imwambie atalala wapi hukuta dirisha limeshafungwa. Vyuo vingi huwatanguliza wa mwaka wa kwanza na wenye ulemavu, na baadhi ya vyuo vya Marekani humlazimu wa mwaka wa kwanza kukaa ndani ya chuo, atake asitake. Akipanda mwaka wa pili, mwanafunzi huyo huyo huambiwa aombe upya kama mgeni.

"Bweni ni bweni tu." Anayesema hivi ameona jengo la mtindo wa zamani: korido ndefu, vyumba pande zote mbili, bafu na vyoo vya wote huko mwisho. Lakini yapo pia majengo ambayo vyumba viwili vitatu hutumia bafu moja na sebule ndogo. Zipo flati zenye jiko, ambazo kwa kawaida hupewa wa miaka ya juu na wa uzamili. Na katika vyuo kadhaa zipo nyumba za wenye ndoa na watoto, ambazo wahusika wenyewe huzisikia wakiwa wameshapanga mtaani.

Kinachoniumiza kichwa zaidi ni hii: "Chumba cha peke yangu ndicho bora." Faragha ni kitu kizuri, sibishi. Ila mwaka 2021 ulizuka ubishi mkubwa kuhusu bweni lililopangwa kujengwa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara. Tajiri Charles Munger, aliyeahidi kuchangia fedha, alitaka wanafunzi wapatao 4,500 wakae jengo moja, kila mmoja na chumba chake kidogo, na vyumba karibu vyote visiwe na dirisha la nje. Hoja yake ilikuwa kwamba mtu akikosa dirisha atatoka kwenda sebuleni kukutana na wenzake. Msanifu mmoja aliyekuwa kwenye kamati ya kupitia michoro alijiuzulu kwa kupinga, na mwaka 2023 chuo kikauacha mradi huo.

Dawa ya mzee yule ilikuwa chungu kuliko ugonjwa, lakini ugonjwa wenyewe, yaani upweke wa kujifungia chumbani, aliuona. Watafiti watatu, Festinger, Schachter na Back, walichunguza nyumba za wanafunzi wenye ndoa wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, na matokeo yakatoka mwaka 1950. Waliuliza wakazi rafiki zao ni akina nani. Asilimia 41 ya waliopakana mlango kwa mlango walitajana. Waliokaa ncha mbili za korido, asilimia 10 tu. Hatua chache, tofauti mara nne! Waliokaa karibu na ngazi nao walijuana na watu wa ghorofa nyingine kuliko wenzao. Kwa hiyo anayefika chuo bila kumjua mtu, korido ile ya bafu la wote, inayodharauliwa, huenda ikamfaa kuliko flati nzuri ya juu ambayo mlango wake hufunguliwa mara moja kwa siku. (Kulala chumba kimoja na rafiki wa tangu sekondari ni suala jingine. Mnaweza kupendana miaka sita na mkashindwana wiki mbili kwa sababu ya taa.)

"Mtaani ni nafuu." Huenda, lakini linganisha vitu vinavyolingana. Ada ya hosteli mara nyingi imeshabeba umeme, maji na intaneti, na hulipiwa muhula wa masomo tu. Mwenye nyumba huweza kukudai miezi 12, pamoja na ile ambayo utakuwa umerudi kwenu, na nauli ya kila asubuhi haimo kwenye kodi. Upande wa pili, hosteli nyingi hufungwa likizo, na asiye na pa kwenda hulazimika kuomba kibali cha kubaki au kutafuta pa kujihifadhi. Mtu wa aina hiyo aulize ratiba ya kufungwa kabla ya kuuliza bei.

"Nikishalipa ni changu, namkaribisha nimtakaye." Kwa kawaida unachosaini ni ruhusa ya kutumia kitanda. Hupati haki za mpangaji wa nyumba: wadeni, yaani msimamizi wa hosteli, anaweza kukagua, uongozi unaweza kukuhamisha, na kumuuzia mwenzako nafasi yako kunaweza kukutoa wewe na yeye. Kubebana, yaani kulala wawili au watatu kwenye nafasi ya mmoja, kunavumiliwa kimyakimya kwa sababu kila mtu anajua vitanda havitoshi, na mimi mwenyewe sina ubavu wa kumlaumu aliyemhurumia mwenzake. Lakini choo kilichopangiwa watu 20 hakijui huruma. Na kengele ya moto ikilia usiku, wadeni atasimama uwanjani na orodha ya majina mkononi kuona nani hajatoka. Aliyebebwa hayumo.