Fonti mbovu haiondoki kwa kuifuta Word

Katika steshenari na ofisi za vyama vya ushirika hapa Mtwara, hasa msimu wa korosho unapofunguliwa na mihtasari ya vikao ikitakiwa kwa haraka, husemwa mno kwamba Word inapojifunga yenyewe, dawa ni kuifuta na kuiweka upya. Dhana hii inawapotezea watu fedha. Chanzo kinaweza kuwa fonti iliyoharibika, yaani faili la mwandiko wa herufi, na fonti ni mali ya Windows, wala si ya Word: hutunzwa katika folda ya C:\Windows\Fonts, na tangu toleo la 1809 la Windows 10, zile ambazo mtumiaji amejiwekea peke yake hukaa katika folda nyingine iliyo chini ya akaunti yake. Kwa hiyo ukiifuta Word, fonti ulizopakua kwa ajili ya kadi za harusi hubaki zilivyo, na Word mpya huzikuta palepale, pamoja na ile ambayo faili lake limeharibika.

Wengine huomba wapigiwe Windows upya. Hilo huziondoa kweli, lakini kabla jua halijachwa mteja amekwisha kuchomeka flashi na kuirudisha folda ileile yenye mamia ya fonti.

Tazama dalili kwanza. Fungua orodha ya fonti, uteremke taratibu. Word ikijifunga kila mara inapokaribia herufi ileile, hapo pana neno, kwa sababu orodha hiyo huchora kila jina kwa mwandiko wake, na fonti mbovu huguswa hata kama hakuna aliyeichagua. Funga programu zote, hamisha nusu ya fonti ulizopakua, ujaribu tena, kisha ugawe nusu yenye tatizo, na uendelee hivyo. Kwa fonti 400, majaribio 9 yanatosha kuifikia moja iliyoharibika. Segoe UI, Tahoma na nyingine zilizokuja na Windows usiziguse kabisa. Ninawasihi wenye steshenari wasiweke fonti ambayo hakuna kazi inayoihitaji.

Kwamba waraka umekufa, mara nyingi si kweli: kwa kawaida waraka hubeba majina ya fonti tu, hivyo ufungue katika kompyuta nyingine kabla ya kuanza kuuchapa upya. Kwamba Word ikijifunga hata katika hali salama (Safe Mode) basi imeharibika yenyewe, si kweli pia, kwani hali hiyo huzuia viongezi (programu ndogo zinazoongezwa ndani ya Word) na kiolezo (faili la mpangilio wa kuanzia), si fonti.

Wala si kila kujifunga kunatokana na fonti. Word huitegemea printa iliyowekwa kuwa ya kawaida ili kupanga kurasa, na draiva yake, yaani programu inayoiunganisha na kompyuta, ikiwa mbovu, dalili hufanana sana. Weka Microsoft Print to PDF kuwa printa ya kawaida, kisha ufungue waraka uleule. Waraka ukitulia, shughulikia draiva na uziache fonti.