Buldogi: mwili wake unasema nini, na habari za kupandisha

Wafugaji wa buldogi wameongezeka Dar es Salaam, na maswali wanayoleta kwa daktari wa mifugo yanafanana kuanzia Goba hadi Kigamboni. Haya ndiyo yanayorudi mara nyingi. Ninaposema buldogi namaanisha yule wa Kiingereza, mfupi, mnene, mwenye uso uliokunjamana. Mengi yanamhusu pia mdogo wake wa Kifaransa mwenye masikio ya kusimama.

Swali: Shikamoo daktari. Buldogi wangu anaonekana amenuna muda wote. Nitajuaje akiwa amefurahi au amekasirika?

Marahaba. Mbwa wengine hutoa habari zao kwa mkia, masikio na midomo. Buldogi amenyimwa karibu vyote hivyo: mkia ni mfupi na umejikunja, midomo inaning'inia, paji lina mikunjo hata akiwa usingizini. Hata mbwa wenzake humwelewa vibaya. Mbwa wa jirani anamwona amekodoa macho na anahema kwa kelele, basi anaona anachokozwa.

Kwa hiyo uso uache, angalia uzito wa mwili umeegemea wapi. Akifurahi mwili mzima unalegea, makalio yanayumba huku na huku, mdomo uko wazi, na anakujia ubavuubavu badala ya kukunyookea. Akiwa na hofu uzito unarudi nyuma, anageuza kichwa pembeni huku macho yamebaki kwako mpaka weupe wake unaonekana. Anajilamba pua ilhali hakuna chakula, anapiga miayo ilhali hana usingizi. Wapo buldogi ambao weupe wa macho unaonekana kila siku kwa jinsi walivyoumbwa, kwa hiyo mjue kwanza wako akiwa ametulia, ndipo utambue kilichobadilika.

Ishara ambayo wewe uiogope ni mbwa kukauka. Alikuwa anahema, ghafla mdomo unafungwa, pumzi inakatika, mwili unakuwa mgumu na kifua kinatangulia mbele. Hapo acha ulichokuwa unafanya, usimkazie macho, geuka ubavu uondoke polepole. Mengi ya yale yanayoitwa "aliuma bila onyo" yalikuwa na onyo hili, ila hakuna aliyeliona.

Ni kweli asili yake ni Uingereza, alikotumika kupambanishwa na fahali hadi mchezo huo ulipopigwa marufuku mwaka 1835. Tangu hapo wafugaji wamechagua wapole kizazi baada ya kizazi. Buldogi mpole akigeuka mkali ghafla, mimi huanza kutafuta maumivu: masikio, meno, nyonga, na zaidi ya yote mikunjo ya usoni na chini ya mkia, ambayo kwa unyevu wa mji huu huoza upesi isipofutwa na kukaushwa.

Swali: Ananguruma nikimbeba. Huo ni ukali au ni pumzi tu?

Sauti ya pumzi hufuata kuvuta na kutoa hewa, haibadiliki ukimwangalia au ukimwachia. Mngurumo wa onyo una sababu inayoonekana: bakuli, mfupa, mtu kumwinamia, kubebwa anapoumwa. Tena huambatana na ule ukakamavu niliousema. Usimpige kwa kunguruma. Mbwa aliyefundishwa kunyamaza hubaki mkali vilevile, na safari ijayo atauma kimyakimya.

Lakini nisikupite na hilo la pumzi. Wafugaji wengi huniambia kukoroma ni "kawaida yao". Ni kawaida kwa maana kwamba wengi wanakoroma, lakini si afya. Matundu ya pua ni membamba, kaakaa laini, yaani nyama ya nyuma juu ya mdomo, ni refu kuliko nafasi iliyopo, na mara nyingine hata koromeo ni jembamba. Akikoroma hali yuko macho, akilala kwa kukaa au kwa kuegemeza kidevu juu ya kitu ili apate hewa, akitapika povu baada ya kucheza kidogo, anahitaji kuchunguzwa. Matundu ya pua yanaweza kupanuliwa na kaakaa kupunguzwa kwa upasuaji, na ni afadhali ufanyike angali kijana.

Swali: Kwenye joto la Desemba hadi Machi niangalie nini?

Hapa naomba usome taratibu, maana ndipo buldogi wengi wanapokufa.

Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Hupoza damu kwa kuhema, maji yakikauka kwenye ulimi na puani. Buldogi ana njia finyu ya hewa, na Dar ina unyevu unaozuia maji yasikauke, hivyo jua la nyuzi 32 kwake ni zito kuliko unavyolihisi wewe. Akihema kwa nguvu koo linavimba, njia inazidi kuwa finyu, anahema zaidi.

Mwili unakuambia mapema. Ulimi unatoka wote na kupanuka nchani, pembe za mdomo zinavutwa nyuma, macho yanatoka, mate yanakuwa mazito na ya kunata. Anatafuta sakafu ya vigae na kulala kifudifudi, miguu ya nyuma ameitandaza. Akifika hapo matembezi yameisha, hata kama nyumbani ni nyumba mbili mbele. Kinachofuata ni fizi nyekundu sana au za bluu, kuyumba, kutapika, kuzimia. Joto la kawaida la mbwa ni nyuzi 38 hadi 39.2. Likipita 41 viungo vya ndani vinaanza kuharibika.

Anza kumpoza kabla ya kuita bajaji. Mpeleke kivulini, mmwagie maji ya bomba mwili mzima, hasa tumboni na mapajani, mpepee au uwashe feni. Usimfunike taulo lililolowa ukaliacha juu yake, linazuia joto kutoka. Usimlazimishe kunywa. Ndipo umkimbize kwa daktari, madirisha wazi.

Na lile banda la bati analofungiwa mchana kutwa ili usiku alinde, kwa buldogi ni tanuri. Hafai kwa kazi hiyo. Ukitaka mlinzi, fuga mbwa mwingine.

Swali: Mwanangu wa miaka 4 hupenda kumkumbatia shingoni.

Mzuie. Mbwa wengi hawapendi kukumbatiwa, wanavumilia, na mtoto hawezi kuzisoma dalili za kuchoka. Mbwa yeyote akimng'ata mtu, hata huyo wa ndani mnayemjua, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo. Kichaa cha mbwa kipo Tanzania, na dalili zikishaanza kwa binadamu ni kifo. Chanjo ya mbwa hurudiwa kwa ratiba anayokupa daktari wa mifugo.

Swali: Jike langu limeanza kutoa damu. Nimpeleke kwa dume leo?

Hapana. Damu ni mwanzo wa joto, yaani kipindi cha jike kutaka dume, lakini siku ya kukubali dume bado. Kwa wastani jike huingia joto kila miezi sita hivi, la kwanza likija kati ya miezi 6 na 12. Awamu ya kwanza huchukua siku kama 9: uke unavimba, damu inatoka, madume wanapanga foleni getini, lakini yeye anaketi chini, anazunguka, anawafokea. Wenye dume husema "jike lako kali". Si kali, siku zake hazijafika.

Awamu ya pili, nayo siku 9 hivi, uke unalainika, damu inapauka, na sasa anasimama. Jike wa aina nyingine huusogeza mkia pembeni, jambo linaloonekana toka mbali. Buldogi mkia wake hausogei vya kutosha. Mkune kidogo juu ya kiuno: akikaza miguu ya nyuma, akainua uke na kijimkia kikipinda upande, yuko tayari.

Hesabu za vidole, "siku ya 11 na ya 13", huwaangusha wengi, kwa sababu wapo wanaokuwa tayari siku ya 7 na wengine ya 18. Daktari anaweza kuangalia majimaji ya uke kwa hadubini, na kipimo cha damu cha homoni ya projesteroni ndicho kinachoonyesha vizuri zaidi yai limetoka lini. Kinakusaidia pia kukadiria siku ya kuzaa, ambayo kwa buldogi ni suala la uhai.

Usimpandishe joto la kwanza. Subiri apite miezi 18 hadi 24, mwili ukomae na kasoro za pumzi na nyonga zijulikane. Jike asiyeweza kutembea robo saa asubuhi bila kukoroma asizalishwe kabisa, hata kama tayari umeahidi watu watoto wake. Uholanzi imeweka sheria inayozuia kuzalisha mbwa wenye pua fupi kupita kiasi. Nasi tungeweza kuanza kwa kukataa wenyewe.

Swali: Wamenasana na majirani wanataka kuwamwagia maji.

Waambie waache. Kiungo cha dume huvimba ndani na misuli ya jike hukibana, na hukaa hivyo dakika 5 hadi 30. Kuwavuta huwachana wote wawili. Simama karibu, watulize, wawe kivulini.

Buldogi wengi hata hawafiki hapo. Dume ni mzito mbele, miguu mifupi, anapanda mara tatu anaishiwa hewa. Ukimwona ameacha na kulala chini ulimi nje, usimsukume arudi. Daktari hukusanya mbegu na kumpandikiza jike, na ndivyo buldogi wengi wanavyopatikana. Kama unasaidia wakiwa wawili, iwe alfajiri.

Swali: Dume wangu hupanda mito, miguu ya wageni, hata madume wenzake.

Mara nyingi ni msisimko uliozidi, au hajui afanye nini na wageni. Mwite, mpe kazi nyingine, usicheke. Akijilamba sana sehemu hiyo au akikojoa kidogokidogo, apimwe mkojo.

Ila usimwachie atembee mtaani. Mbwa wanaozurura huambukizana uvimbe wa sehemu za siri kwa kupandana. Huanza kama kinyama kidogo kinachovuja damu, na wenye majike hudhani ni joto lisiloisha. Hutibika kwa sindano za kila wiki kwa majuma kadhaa, ukiwahi.

Swali: Ni lazima azae kwa upasuaji?

Si lazima, lakini jipange kana kwamba ni lazima. Watoto wana vichwa vikubwa na mabega mapana, nyonga za mama ni nyembamba. Uchunguzi uliochapishwa Uingereza mwaka 2010 ulikuta zaidi ya asilimia 80 ya mimba za buldogi ziliishia kwenye upasuaji. Kama huna fedha ya upasuaji, na hujaongea na daktari atakayepokea simu saa nane usiku, usimpandishe.

Mimba ni siku 63 tangu yai litoke. Wiki ya mwisho pima joto asubuhi na jioni. Likishuka chini ya 37, kuzaa ni ndani ya siku moja. Atachimba, atahema, atakataa chakula. Akisukuma kwa nguvu nusu saa bila mtoto, au ute wa kijani ukitoka kabla ya mtoto wa kwanza, ondoka sasa hivi.

Swali: Hajapandwa lakini ana maziwa na anabeba viatu kitandani.

Hiyo ni mimba ya uongo, hutokea wiki kadhaa baada ya joto. Usimkamue, maziwa yatazidi. Huisha yenyewe kwa majuma mawili matatu.

Usiichanganye na usaha kwenye kizazi, ambao huja katika wiki za 2 hadi 8 baada ya joto: anakunywa maji kupita kiasi, hataki kula, anatapika, tumbo linajaa, pengine usaha unatoka na pengine hautoki. Huo unaua. Dawa ni upasuaji wa kuondoa kizazi. Sindano za kuzuia joto, ambazo watu hupata kirahisi, huongeza hatari hii. Kama hutaki watoto, mhasi.

Swali: Amezaa kwa upasuaji, sasa anawafokea watoto.

Ametoka kwenye nusukaputi, hakuwalamba, hawajui. Usiwabwage kwenye kitanda chake. Mshike kichwa, mlaze ubavu, wape watoto matiti ukiwa hapo, na wapake watoto majimaji ya uzazi yaliyotoka kwa mama ili wanuke yeye. Wengi huwakubali ndani ya siku moja au mbili. Hata hivyo usimwache nao peke yake wiki mbili za kwanza, maana buldogi huwalalia watoto bila kujua. Watoto wanyonye kila saa 2 hadi 3, wakae pasipo upepo wa feni, na usiku wa Juni na Julai wawekewe chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa kitambaa.

Katika wiki nne za kwanza, mama akianza kuhangaika, kuhema bila joto, kutembea kikakamavu na kutetemeka misuli, kalsiamu imeshuka. Watoe watoto kwenye matiti, wape maziwa ya chupa ya watoto wa mbwa, na mpeleke mama kwa daktari akapate kalsiamu ya mshipani. Usimpe wewe sindano hiyo, ikienda haraka inasimamisha moyo.