Maandamano Baada ya Uchaguzi Wenye Utata: Taarifa, Namba ya OB na Saa 24

Jioni ya Desemba 30, 2007, matokeo ya urais yalitangazwa Nairobi na mshindi, Mwai Kibaki, akaapishwa Ikulu kabla giza halijatanda vizuri. Upinzani ulikataa kwenda kortini. Wapo wanaouliza hadi leo kwa nini, na jibu liko katika kesi mbili za miaka ya 1990. Kesi ya Kenneth Matiba dhidi ya Daniel arap Moi ilitupwa kwa sababu Matiba, ambaye alikuwa ameugua kiharusi, hakuitia saini kwa mkono wake mwenyewe. Kesi ya Kibaki huyo huyo dhidi ya Moi ilitupwa 1999 kwa sababu Moi hakukabidhiwa nakala ana kwa ana. Kura hazikufikiwa katika kesi yoyote kati ya hizo. Mlango wa korti ukaonekana umefungwa, barabara ikabaki. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia zilizofuata, ilipomaliza kazi yake ilikuwa imehesabu vifo 1,133, na 405 kati yake vilitokana na risasi.

Katiba ya 2010 iliufungua mlango ule. Kifungu cha 140 kinampa mlalamishi siku 7 tangu matokeo ya urais yatangazwe, na Mahakama ya Juu ina siku 14 kuamua. Uchaguzi ukibatilishwa, mwingine unafanywa ndani ya siku 60. Ndivyo uchaguzi wa urais ulivyobatilishwa Septemba 1, 2017, majaji 4 dhidi ya 2, hasa kwa sababu ya jinsi matokeo na fomu zake zilivyosafirishwa kutoka vituoni. Lakini uamuzi huo ulipotolewa, watu walikuwa wamekwisha kufa. Amnesty International na Human Rights Watch waliorodhesha vifo visivyopungua 33 Nairobi pekee baada ya kura ya Agosti.

Basi kati ya tangazo na hukumu kuna wiki 3 hivi ambazo hasira iko juu, polisi wamejaa mitaani na mahakama bado haijasema neno. Makala haya ni ya wiki hizo. Haki zenyewe Wakenya wengi wanazijua. Kinachowaangusha ni kwamba haki ilikiukwa pasipo kubaki karatasi yenye tarehe, saa na jina.

Taarifa, wala si ombi

Kifungu cha 37 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana, kupiga kambi nje ya ofisi na kuwasilisha malalamiko kwa mamlaka za umma, kwa amani na bila silaha. Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura ya 56, haisemi uombe ruhusa. Mfumo wa leseni uliondolewa mwaka 1997. Kilichobaki ni kumpa taarifa mkuu wa kituo cha polisi, yaani OCS wa eneo hilo, si chini ya siku 3 wala si zaidi ya siku 14 kabla.

Kosa la kwanza hufanywa hapa, tena na watu wasomi. Barua huanza kwa maneno "tunaomba ruhusa". Ukiomba, umempa afisa nafasi ya kukataa ambayo sheria haikumpa. Andika kichwa "Taarifa ya maandamano chini ya kifungu cha 5 cha Sheria ya Utulivu wa Umma", kisha utoe mambo yanayotakiwa: jina kamili la mwandalizi na anwani anakopatikana, tarehe na saa, mahali pa mkutano au njia ya maandamano. Saa ziwe kati ya 12 asubuhi na 12 jioni. Njia itaje barabara kwa majina, mnapoanzia na mnapoishia. Kama mtapita eneo la vituo viwili, peleka kila kimoja nakala yake.

Chapisha nakala 2. Moja inabaki kituoni, nyingine unarudi nayo ikiwa na muhuri, tarehe, saa na jina la aliyeipokea. Usisubiri siku ya 3. Maandamano yakiwa Alhamisi, barua iwe imefika wiki iliyotangulia, kwa maana mabishano kuhusu jinsi siku zinavyohesabiwa yamewaharibia wengi kazi. OCS akikataa kuipokea, mwende wawili, mwandike saa mliyofika, jina au namba iliyo kwenye sare ya aliyewakataa, kisha barua hiyo hiyo itumwe kwa kamanda wa polisi wa kaunti kwa njia inayoacha risiti.

Sababu za kuwazuia ni chache. Ama kuna mkutano mwingine ulioandikishwa mapema kwa siku, saa na mahali hapo hapo, na hilo mnapaswa kuarifiwa kwa maandishi, tena rejista ya taarifa ni ya umma, mwulize muione. Ama kuna hatari ya wazi na ya karibu ya kuvurugwa kwa amani. Kauli ya jumla kutoka juu haitoshi. Oktoba 12, 2017, Waziri wa Usalama wa Ndani alipiga marufuku maandamano katikati mwa Nairobi, Mombasa na Kisumu, na siku 5 baadaye Mahakama Kuu ikaisimamisha amri hiyo. Wenye nakala za taarifa zilizopigwa muhuri huwa na cha kumwonyesha jaji siku kama hiyo. Wasio nazo hubaki na maneno.

Mwandalizi au mwakilishi wake lazima awepo tangu mwanzo hadi mwisho. Akiondoka, mkusanyiko hauna wa kuujibia, na watu watatu au zaidi wanaweza kushtakiwa chini ya kifungu cha 78 cha Kanuni ya Adhabu kwa mkusanyiko haramu.

Mkono wa polisi ukikugusa

Tazama saa. Hili laonekana jambo dogo, lakini ndilo zito kuliko yote, kwa sababu kifungu cha 49 cha Katiba kinahesabu saa 24 tangu ulipokamatwa. Hakihesabu tangu ulipoandikwa kituoni, sembuse tangu afisa mpelelezi alipopata nafasi ya kukuona. Aliyekamatwa Jumanne saa 4 asubuhi anapaswa kuwa mbele ya hakimu Jumatano saa 4 asubuhi. Aliyekamatwa Ijumaa saa 10 jioni, saa zake 24 zinakwisha Jumamosi, siku ambayo si ya korti, kwa hiyo anaweza kuwekwa hadi mwisho wa kikao cha Jumatatu. Karibu siku 3, na kisheria hakuna aliyekosea. Familia zinazojua hesabu hii huanza kutafuta wakili na dhamana Ijumaa usiku ule ule.

Taja jina lako kwa sauti ili walio karibu walisikie. Uliza unakamatwa kwa kosa gani, maana una haki ya kuelezwa mara moja kwa lugha unayoielewa. Namba ya simu ya mtu mmoja iandikwe mkononi kwa kalamu ya wino kabla ya kutoka nyumbani. Simu itachukuliwa, na wengi siku hizi hawakumbuki hata namba ya mama. Usipigane na anayekukamata hata kama amekosea, kwa sababu shtaka la kumzuia polisi kutenda kazi ni rahisi kuliko lile alilokujia nalo.

Kituoni, omba uandikwe katika kitabu cha matukio, OB, na uisome namba yako. Ina mpangilio unaoonyesha nafasi ya tukio siku hiyo, tarehe na mwaka. Mali zako ziandikwe pia: simu, pesa, kitambulisho. Hapa ndipo mambo huharibika zaidi wakati wa misako mikubwa. Mtu huzungushwa kwenye gari kutoka kituo hadi kituo, na kila wakili anapofika anaambiwa hayupo. Anayemtafuta asiridhike na jibu la mdomo langoni. Aombe OB ikaguliwe mbele yake, aandike saa aliyoambiwa mtu hayupo na nani aliyemwambia, kisha aende kituo kinachofuata. Baada ya vituo 3 au 4 vya karibu, orodha hiyo ndiyo kiini cha hati ya kiapo ya kuomba amri ya habeas corpus, inayowataka polisi wamtoe mtu huyo mbele ya jaji. Haki hiyo imo katika kifungu cha 25, miongoni mwa zile 4 zisizoweza kupunguzwa kwa sababu yoyote, hali ya hatari ikiwemo.

Una haki ya kunyamaza. Toa jina na anwani, kisha sema utazungumza wakili akiwepo. Usitie saini karatasi usiyoisoma. Maungamo hayakubaliki mahakamani isipokuwa umeyatoa mbele ya jaji au hakimu, au mbele ya afisa mwandamizi asiyeipeleleza kesi hiyo, na mtu wa tatu uliyemchagua mwenyewe akiwapo.

Bondi ya polisi, yaani ahadi ya maandishi kwamba utafika unapotakiwa, haina malipo. Dhamana ya fedha taslimu hulipwa, na lazima upewe risiti rasmi yenye kiasi kile kile ulichotoa. Pasipo risiti, pesa hizo si dhamana, na hazitarudi. Makosa ambayo adhabu yake ni faini tu au kifungo kisichozidi miezi 6 hayamweki mtu rumande hata kidogo, kifungu cha 49(2).

Mtoto wa chini ya miaka 18 hawekwi seli moja na watu wazima. Mzazi aende na cheti cha kuzaliwa, kwa kuwa mvulana mrefu wa miaka 16 huandikwa 18 na kuachwa hivyo hivyo.

Mbele ya hakimu, jambo la kwanza kusemwa ni majeraha. Mwonyeshe, mwombe yaingizwe kwenye kumbukumbu, na uombe amri ya kupelekwa hospitali. Mpelelezi akitaka uendelee kuzuiliwa kabla ya kushtakiwa, anapaswa kuleta ombi la maandishi lenye hati ya kiapo na sababu zenye uzito. "Uchunguzi unaendelea" haijawahi kuwa sababu yenye uzito, na wakili anapaswa kulisema hilo bila kutetereka.

Gesi, rungu na risasi

Gesi ya kutoa machozi ni nzito kuliko hewa, hukaa chini. Nenda upande upepo unakotokea na kwenye mwinuko. Usisugue macho. Suuza kwa maji safi mengi kwa dakika 10 au zaidi, vua nguo zilizoshika unga, oga kwa maji baridi na sabuni. Mkebe ukiingia ndani ya nyumba, toka, hasa ukiwa na mtoto mchanga au mtu mwenye pumu, kwa sababu ndani ya chumba kilichofungwa gesi hiyo inaweza kuua.

Anayevuja damu, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi kwa nguvu bila kuachia kila mara kuchungulia. Hospitali haiwezi kumkataa kwa kukosa pesa za awali, kwani kifungu cha 43(2) kinasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Aliyedhulumiwa kingono afike hospitali ndani ya saa 72 ili apate dawa za kuzuia VVU, na asioge kwanza kama anaweza kuvumilia. Fomu ya PRC, ya huduma baada ya kubakwa, hujazwa hospitalini, hata kama bado hajafika polisi. Desemba 2020 Mahakama Kuu iliwapa wanne kati ya walalamishi 8 wa dhuluma za kingono za 2007 na 2008 fidia ya Sh4 milioni kila mmoja. Walikuwa wamengoja karibu miaka 13.

Fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari huandika majeraha, hutolewa baada ya tukio kuandikwa katika OB. Wengi wanaogopa kurudi kwenye kituo kile kile kilichowapiga, na hofu hiyo ina sababu. Nenda kituo kingine, au anzia IPOA, mamlaka huru inayochunguza polisi, ambayo haitozi ada. Hifadhi karatasi za hospitali za siku ile ile, maana P3 iliyojazwa wiki 3 baadaye itaonyesha kovu tu.

Jedwali la sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi linamtaka afisa aanze kwa njia zisizo za nguvu, nguvu zake zilingane na kosa, na sare yake iwe na jina au namba inayoonekana. Kuagizwa na mkubwa si kinga. Mtu akijeruhiwa, polisi ndio wa kumpatia matibabu na kuwaarifu jamaa zake. Akifa au akiumia vibaya, IPOA iarifiwe mara moja. Kwa hiyo unayerekodi video, lenga kifua na bega la afisa, namba ya gari, na jengo linalotambulika nyuma. Faili la awali libaki kwenye simu au kadi yake, kwa sababu linalopitia WhatsApp hupunguzwa na kupoteza tarehe na mahali. Usisambaze nyuso za waandamanaji.

Mtu akifa

Usifue nguo zake. Zianike zikauke, zitie kwenye mfuko wa karatasi, kwa kuwa plastiki huozesha damu. Ganda la risasi usiliokote, lipige picha na sarafu kando yake ili ukubwa uonekane. Usikubali mazishi kabla ya upasuaji wa maiti, na familia ina kila sababu ya kuomba mwanapatholojia wake awepo. Risasi iliyotolewa mwilini iandikwe imekabidhiwa nani na saa ngapi.

Kisha ombeni uchunguzi wa hakimu kuhusu kifo hicho. Mtoto wa miezi 6 aliyepigwa nyumbani kwao Nyalenda, Kisumu, Agosti 2017, polisi walipokuwa wakisaka waandamanaji, alifanyiwa uchunguzi wa namna hiyo, na Februari 2019 hakimu aliamua kwamba polisi waliwajibika. Katika kikao kama hicho, wakili wa familia aitishe rejista ya zamu ya usiku ule pamoja na ile ya ghala la silaha, inayoonyesha nani alitia saini bunduki gani, alipewa risasi ngapi, na alirudisha ngapi.