Mwenye Ugonjwa wa Moyo au Mapafu na Chanjo: Maswali Yanayoulizwa Kliniki

Maswali haya huulizwa sana katika kliniki zetu hapa Pemba, hasa unapoingia msimu wa mvua na kipupwe, wakati mafua na vikohozi vinapozunguka majumbani na vitanda vya wodi vinapojaa wagonjwa wa moyo na pumu.

Ugonjwa sugu wa moyo au mapafu ni upi?

Ni ule unaokaa na mtu kwa miaka: pumu, mapafu yaliyoharibiwa na sigara au na moshi wa kuni na makumbi, moyo uliotanuka, mishipa ya moyo iliyoziba, au valvu zilizoharibiwa na homa ya rumatiki tangu utotoni. Ukiambiwa uendelee na dawa hata unapojihisi mzima, basi maswali haya yanakuhusu.

Moyo wangu ni dhaifu, daktari. Si bora wachanjwe wenye afya zao, mimi sindano isije ikanizidi?

Hapana. Wewe ndiye unayehitaji chanjo kuliko wao. Mwenye moyo mzima akipata homa ya mafua hulala siku chache akaamka. Kwako, homa huukimbiza moyo uliokwisha kuchoka, mapafu hujaa makohozi, hewa hupungua katika damu, na maambukizi huweza kuchochea damu kuganda ndani ya mishipa ya moyo. Utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 2018 ulionesha kwamba, katika siku 7 za mwanzo baada ya homa ya mafua kuthibitishwa kwa kipimo, mtu alikuwa na uwezekano wa kulazwa kwa shambulio la moyo takriban mara 6 kuliko katika siku zake za kawaida. Utafiti mwingine, wa mwaka 2021, uliwafuatilia watu ambao wengi wao walikuwa wametoka tu kupata shambulio la moyo. Baada ya miezi 12, waliofariki, waliopata shambulio jingine au ambao damu iliganda katika mshipa uliozibuliwa walikuwa asilimia 5.3 miongoni mwa waliochanjwa mafua, na asilimia 7.2 miongoni mwa waliochomwa sindano ya maji ya chumvi.

Lakini jirani yangu alichanjwa, na usiku ule ule akashikwa na homa.

Chanjo ya mafua ya sindano hutengenezwa kwa virusi vilivyouawa au kwa vipande vyake, kwa hiyo haiwezi kuleta mafua. Mkono kuuma na homa ndogo ya siku 1 au 2 ni jambo la kawaida. Kinga huchukua kama wiki 2 kujengeka. Aliyechanjwa leo na kesho akapakata mjukuu anayetiririka makamasi, asiilaumu chanjo. Anayezuiwa ni yule aliyewahi kupata mzio mkali kwa chanjo hiyo hiyo, na mwenye homa kali husubiri ishuke.

Basi nisubiri kwanza mwili upate nguvu?

Nguvu zipi? Moyo uliotanuka haupati nguvu kwa kuahirisha. Wazee wetu wanaokwenda Hija huchanjwa homa ya uti wa mgongo bila ubishi, kwa kuwa Saudi Arabia haiwaruhusu kuingia bila ya chanjo hiyo, na miongoni mwao wamo wenye presha na moyo. Wakirudi nyumbani, wazee hao hao hutuambia kwamba moyo hauwezi sindano. Unaweza. Usisubiri.

Ninatumia dawa ya kuzuia damu kuganda. Je?

Mwambie muuguzi kabla hajakuchoma. Atatumia sindano nyembamba, kisha mahali pale patabanwa kwa pamba kwa dakika 2 au zaidi bila kusuguliwa. Usiiache dawa hiyo kwa ajili ya chanjo.

Chanjo zipi hasa?

Ya homa ya mafua, kila mwaka, kwa sababu virusi vyake hubadilika. Ya bakteria wa nimonia, ambayo haihitaji kurudiwa kila mwaka. Na ya UVIKO-19. Si kila kituo kinazo, kwa hiyo uliza kliniki unapofuata dawa zako.

Nikishikwa na mafua na kifua nyumbani, nifanye nini?

Endelea na dawa zako zote, pamoja na ile ya kukojoza na pampu ya pumu. Usinunue diklofenaki wala ibuprofeni dukani, kwani huzuia maji na chumvi mwilini na kuuelemea moyo. Na tunawaomba sana wanafamilia: msimfukize. Tunapokea wagonjwa ambao nguo zao bado zinanukia ubani, waliofungiwa chumbani na chetezo huku pumzi zikiwakata, eti wachangamke. Moshi ni moshi, hata ukiwa wa udi.

Ni wakati gani wa kukimbilia hospitali?

Pale mgonjwa anaposhindwa kumaliza sentensi bila kuhema, anapolala kwa kukaa kwa sababu mito miwili haimtoshi, midomo inapogeuka rangi, kifua kinapomuuma kwa kubana, anapochanganyikiwa, au miguu inapovimba na uzito kuongezeka kilo 2 katika siku 3. Dalili moja inatosha, na kama imeanza saa nane za usiku, mleteni saa nane hiyo hiyo. Kusubiri kupambazuke ndiko kunakotuletea watu wasioweza tena kuvuta pumzi. Njooni na mfuko wa dawa zake zote, pamoja na zile za majani ambazo amewaomba msitutajie.